Kichwa cha Injini Kipo kwa Nikolausi

Tlawi, 4 Machi 1951

Leo injini imeingia ndani ya nyumba. Saumu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Hatibu, mke mwenza ningemvumilia. Huyu ananuka oili." Nikamwambia avumilie mpaka mavuno. Nifanyeje? Mvua inanyesha kila mchana, na injini iliyofunguliwa ikilowa ni kutu tu. Sasa inaning'inia kwa mnyororo katikati ya chumba chetu cha kulia chakula, nasi tunakula jikoni pamoja na kuku.

Jeshini, kule Burma, tulifundishwa kwamba ukifungua injini uandike kila siku ulichotoa na ulichorudisha. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Saumu anasema nitaandika na malalamiko yangu pia. Haya, nayo nitaandika.

Habari yenyewe ni hii. Lori langu ni la vita, nililipata mnadani, na kwetu Kolo lilikuwa likikimbia vizuri tu. Tangu tuhamie huku juu kwa Wairaqw linapumua kama mzee mwenye pumu. Kilima cha kutoka Dongobesh halikipandi likiwa na mzigo. Abiria wanashuka, wanasukuma, tena wananicheka. Mzee Marko, ambaye akisema neno Tlawi nzima inafuata, ameniambia wazi: "Likipanda limejaa kabla hatujavuna, ngano yetu na maharage yetu utabeba wewe. Lisipopanda, tuna punda." Nikiukosa mzigo wa mwaka huu, hatuna la kufanya hapa. Tutarudi Kolo kwa Yahaya, kaka yake Saumu, tule ugali wake na maneno yake juu. Heri nile msasa.

5 Machi

Nimetoa pistoni. Ringi zimekwisha kabisa.

9 Machi

Nikolausi amekuja. Huyu ni fundi, Mwiraqw wa hapa hapa, kazi ya chuma alijifunza kwenye karakana ya misheni. Tulikubaliana tangu mwaka jana: lori langu, mikono yake, na likipona tutaliendesha wote wawili. Mimi nikisema maneno mia yeye anasema moja, tena hilo moja analifikiria kwanza.

Leo aliizunguka injini, akaigusa. Mwisho akasema, "Hewa ya huku ni nyepesi. Injini haishibi." Anataka tupunguze kichwa cha injini, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda. Kikikwanguliwa chini kikawa chembamba, pistoni ikipanda itaibana hewa zaidi, na nguvu itarudi.

"Je, ukikwangua kupita kiasi?"

"Vali zitagonga kichwa."

"Na zikigonga?"

"Basi."

Ndivyo anavyozungumza. Basi!

13 Machi

Kichwa kimekwenda kwa Nikolausi. Ana kioo kinene, anakilaza mezani, juu yake anatandika msasa, halafu kichwa anakisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mama anayesaga mtama. Ni kazi ya wiki nyingi, haitaki mtu mwenye haraka, ndiyo maana sikupewa mimi. Mkewe Imakulata alikuwa ananyonyesha pale pale na kutucheka. Mtoto wao Patriki nilimbeba, akanikojolea shati. Nikolausi alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua yule mtu anaweza kucheka hivyo.

25 Machi

Pasaka. Nikolausi yuko kanisani. Nimesaga vali peke yangu. Mvua.

30 Machi

Nimepata kabureta, ile inayoipa injini petroli, ya trekta lililokufa. Mdomo wake ni mkubwa kuliko wa kwangu, kwa hiyo nimekata bati nene nikatoboa matundu ili vishikane. Saumu anauliza kwa nini petroli zaidi, wakati shida yetu ni petroli. Nikolausi aliangalia bati langu, akachukua tupa, akalirekebisha bila kusema nilikosea wapi. Kichwa kinaendelea, anasema. Bado kidogo.

2 Aprili

Kesho tunakwenda Mbulu mjini, harusi ya binti wa Hasani, jamaa yetu wa kule. Saumu ameoga mara mbili na bado anadai ananuka injini.

10 Aprili

Tumerudi. Njia ni tope tupu. Nikolausi hajaja.

12 Aprili

Hajaja. Mvua.

14 Aprili

Hajaja. Nimefunga pistoni peke yangu, nikazifungua tena kwa sababu ringi moja niliiweka juu chini. Halafu nikakuta boliti mkononi na sijui imetoka wapi. Nimeitafutia nyumba asubuhi yote. Injini iliyofungwa vizuri haibakizi boliti, basi hii ni ya nani?

16 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Nilipiga hodi kwa mbali kama desturi. Nikolausi akatoka, akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu nikienda kuupokea, kumbe wake ulikuwa wa kunizuia.

"Simama hapo hapo, Hatibu."

Nikadhani kuna mbwa mkali. Nikacheka, nikasogea. Akarudi nyuma. Nikasogea tena, akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Usije. Rudi kwako."

"Kulikoni, ndugu yangu? Kichwa kimevunjika?"

"Kichwa kizima."

"Basi nipe."

"Siwezi. Hapa kitu hakitoki."

"Hakitoki? Mali yangu?"

"Waulize watu, watakueleza. Mimi si wa kukueleza." Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Niwaulize watu nini? Eti rafiki yangu amenifungia mlango, naomba mniambie kwa nini? Sina mdomo wa kuuliza aibu kama hiyo. Nilisimama pale uani nikamtukana kwa sauti ya gwaride. Nilimwita mnafiki. Nilimwita mwizi. Nikamwambia hata mtoto wake akikua atamwonea haya baba wa namna ile. Hakutoka. Imakulata naye hakutoka, na huwa hapitwi na ugomvi.

Sielewi. Naapa sielewi. Nimepitia kila neno nililowahi kumwambia yule mtu na sioni kosa.

17 Aprili

Saumu: "Kuuliza si ujinga, Hatibu. Amesema waulize watu." Nimemwambia asinifundishe.

22 Aprili

Nimemwona Nikolausi kwenye njia ya mtoni, peke yake, ametangulia mbali. Akanisikia. Akatoka njiani akaingia kwenye mahindi, akakaa humo mpaka nikapita. Mtu mzima anajificha kwenye mahindi! Shati lake lilikuwa chafu na ndevu zimemwota hovyo. Nikapita nikisema kwa nguvu kwamba mwizi hujulikana kwa kujificha. Nilipofika nyumbani hasira hazikuwa zimepungua hata kidogo.

27 Aprili

Konsolata, mama anayekaa karibu na Nikolausi, amekuja kununua chumvi kwenye kiduka cha Saumu hapa barazani. Nikiwa ndani, chini ya injini, nikasikia: "Dada Saumu, habari ya Nikolausi, mume wako asiende tena kule, sisi wenyewe hatuendi..." Nikatoka na spana mkononi. Nikasema atakayekuja kumtetea Nikolausi asikanyage barazani kwangu. Konsolata alinitazama, akatazama spana, akafunga chumvi yake kwenye kitenge, akaondoka.

Saumu amenuna mpaka sasa. Wote wanamtetea. Kwa nini? Ana nini yule?

4 Mei

Mvua zinapungua. Ngano inaanza kugeuka rangi. Mzee Marko alipita barabarani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, "Lori je?" Nikamwambia bado kichwa. Akasema, "Kipo kule?" Nikasema kipo kule. Akatikisa kichwa chake, akaenda. Hata pole hakunipa.

Nimesikia kuna mfanyabiashara wa Katesh ana lori kama langu na anatafuta vifaa. Sasa naona mwanga. Nikolausi anataka kumwuzia kichwa changu. Lakini kama ni hivyo, mbona bado hajamwuzia? Na mbona amekonda? Mtu anayekula njama hakondi. Kichwa kinaniuma.

11 Mei

Nimekichukua.

Nilingoja mpaka nikawaona wote wawili wako shambani mwao chini, nikaingia. Mlango ulikuwa wazi. Kichwa kilikuwa pale pale juu ya kioo, kimefunikwa gunia. Chini yake kinang'aa kama kioo cha kunyolea. Pembeni msasa umekatwa vizuri vipande vipande, haujatumika. Nikakibeba begani mchana kweupe, nikapita njia kuu makusudi, watu wanaona. Mali yangu, nijifiche kwa lipi? Watu walisimama mashambani wakiniangalia. Mama mmoja alimvuta mwanawe akamficha nyuma yake. Nikasema moyoni, waogopeni wezi, msiniogope mimi.

Nyuma nilisikia Nikolausi akiniita kutoka shambani. "Hatibu! Acha! Kirudishe!" Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. Sikugeuka.

14 Mei

Sasa tabu nyingine: sijui kama alimaliza. Kikiwa kinene mno, kazi bure. Kikiwa chembamba mno, vali zitagonga. Mwenye kujua ndiye siongei naye. Nimemwomba Saumu unga wa chapati, nikaukanda, nikaweka donge dogo juu ya kila vali, nikafunga kichwa, nikazungusha injini kwa mkono taratibu, nikafungua. Madonge yamebaki mazima, yamebonyea tu. Ina maana nafasi ipo, kidogo sana, sawasawa na alivyosema. Alikuwa amemaliza. Alimaliza kazi yangu, halafu akaninyima. Kuna mtu wa namna hiyo duniani?

18 Mei

Gasketi ya shaba nimeichoma motoni ilainike. Injini imerudi ndani ya lori. Mkono wangu umevimba, hendeli ilinipiga.

22 Mei

LIMEWAKA! Lilipiga mwanzo kama bunduki, Saumu akajitupa chini, halafu likakaa sawa likanguruma. Nikalijaza mawe mpaka springi zikalala, nikaenda nalo Dongobesh na kurudi. Kilima nimekipanda bila kusimama. Nimepiga honi kuanzia chini hadi juu, nikaimba, nikapiga honi tena. Nilipofika juu nikageuza uso kumwambia mtu, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

25 Mei

Nimelipaki barabarani wote walione. Hakuna aliyekuja.

26 Mei

Hakuna. Saumu hajauza hata punje ya chumvi. Wateja wanafika barazani wanageuka.

28 Mei

Nilimkuta mzee mmoja amebeba gunia la viazi, nikamwambia apande bure. Bure! Akaingia mtaroni na gunia lake, akangoja nipite. Wananiona mwizi? Kichwa ni changu! Mtu anaibaje kitu chake? Au wanaliogopa lori kwa sababu linanguruma zaidi? Saumu amelia leo. Anasema mtoto wa Konsolata anayempenda sana alikimbia alipomwona.

29 Mei

Leo nimejua.

Nilikwenda mtoni kuchota maji ya radieta. Konsolata alikuwa ng'ambo. Akanipigia kelele nisichote pale, niende chini zaidi, wanakopeleka maji machafu.

Nikapasuka. "Haya, mimi mwizi! Na maji nayo nimeiba?"

"Nani kakuita mwizi?"

"Ninyi nyote! Kwa sababu ya huyo Nikolausi wenu!"

Akaweka mtungi chini. "Bwana Hatibu. Hujui? Kweli hujui?"

"Sijui nini?"

"Patriki alikufa. Mlipokuwa Mbulu kwenye harusi. Homa ya usiku mmoja tu."

Nilisikia, ila sikusikia. Nikamwuliza Patriki yupi.

"Mtoto wao, bwana. Na kwetu mtoto akifa angali ananyonya, wazazi wanakaa metimani. Hawaingii kwa mtu, hawapiti njia ya watu, hawachangii maji na watu, wala si wao wa kuutangaza msiba, mpaka wasafishwe. Na kwao kitu hakitoki, maana kinatoka na kifo hicho kinakwenda kwa watoto wa wengine. Wewe umeingia umetoa chuma, Tlawi nzima inaona. Sasa na wewe umo. Saumu yumo. Lori limo."

"Lakini wale si wamebatizwa?"

"Padri anasema ni upuuzi. Padri hana mtoto mchanga. Nikolausi alisema yeye mwenyewe hajui kama ni kweli, ila hataki mama yeyote aje azike halafu amtazame yeye. Ndiyo maana alikuzuia. Alikuwa anakukinga."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuja kwako kumwambia mke wako. Ukanitolea spana."

Ni kweli. Alikuja.

Nimerudi bila maji. Nikamwambia Saumu, akaketi chini pale pale mlangoni. Ninachosikia masikioni ni yale niliyosema uani kwao, kwamba mtoto akikua atamwonea haya. Mtoto alikuwa kaburini, na mama yake alikuwa nyuma ya ule mlango ananisikiliza. Ee Mola wangu, nimefanya nini.

2 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Marko, nikasimama mbali bila kuambiwa. Nikamwamkia kwa sauti.

"Marahaba. Nimesikia lori linapanda."

"Linapanda, mzee. Limejaa."

"Najua. Nimeliona." Akaitazama ngano yake. "Wewe si mtu mbaya, Hatibu. Masikio yako ndiyo mabaya. Mtasafishwa pamoja na wale, mwezi wa kusafishwa ukifika. Lakini ngano haingoji. Mwaka huu punda."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao ni wa mwaka ujao."

Sikumlaumu. Hilo nalo ni geni kwangu.

5 Juni

Kesho au keshokutwa ni Ramadhani. Saumu ameanza kufunga mizigo. Anasema, "Kule Kolo hakuna anayejua metimani ni kitu gani. Lori ni zima. Tutabeba mizigo ya Yahaya tuishi." Ana haki. Huku sina mzigo, sina mteja, hata salamu sina. Kule ninalo lori linalopanda mlima wowote. Sijui ninangoja nini. Nimefungua kabureta nikaisafisha, na haikuwa chafu.

10 Juni

Leo tulikuwa tuondoke. Magodoro, masufuria, kuku kwenye tenga, vyote nyuma, vimefungwa kamba. Nikamwambia Saumu nitasimama kwa Nikolausi kidogo. Akapanda mbele.

Nilizima injini barabarani chini ya nyumba yao, nikashuka, nikabaki nimeshika mlango wa lori. Safari hii Nikolausi ndiye aliyenijia. Alishuka mpaka kwenye bamba la mbele, akanyoosha mkono, akaushika wangu.

"Sasa hakuna tena cha kukukinga," akasema.

"Nikolausi, siku ile nilisema neno juu ya mtoto."

"Nililisikia."

"Sikujua. Wallahi sikujua. Nisamehe, ndugu yangu. Kilichonizuia kuuliza ni kiburi tu, hakuna kingine."

Hakusema amenisamehe. Akapitisha mkono juu ya boneti. "Washa nisikie."

Nikapiga hendeli, likawaka mara moja. Akainama, sikio karibu na injini, muda mrefu. Ndipo Imakulata alipotoka. Nilimwamkia, hakuitikia. Amekwisha kabisa yule mama. Saumu hakungoja kuambiwa kitu. Alifungua mlango, akashuka, akapiga kiti kwa kiganja. Imakulata akapanda, akakaa katikati yetu. Nikolausi akaruka nyuma, akakaa juu ya magodoro yetu.

"Tutapita wapi?" nikamwuliza. "Si hamruhusiwi njia?"

"Barabara ni ya serikali. Haipiti uani kwa mtu."

Basi tukaenda. Tulishuka mpaka chini ya kilima cha Dongobesh, nikageuza, nikaanza kupanda. Injini ikavuta vizuri, inanguruma, madirisha yanatetemeka. Katikati ya kilima nikasikia sauti nyingine ndani ya ile ya injini, kali, inapanda na kushuka. Nikasema beringi hiyo imekwenda. Nikainamisha kichwa kusikiliza, nikamwona Saumu amemkumbatia Imakulata, na Imakulata mdomo wazi. Alikuwa analia. Alilia kilima chote, kwa sauti yake yote, akiita jina la mtoto.

Tulipofika kwao Nikolausi alikuja dirishani kwangu akanieleza, mdomo sikioni kwangu. Mama yake Nikolausi, siku ya msiba, alimwambia Imakulata kwamba mtoto mdogo vile haliliwi kwa sauti, kilio kinamwita mwingine amfuate. Tangu siku ile alikuwa hajatoa sauti. Wala kuongea, mpaka leo ndani ya ngurumo ya lori, ambamo hakuna wa kumsikia.

Imakulata alikuwa bado analia. Mimi nikakumbuka petroli, na safari ya Kolo, nikapeleka mkono kwenye swichi. Imakulata akanishika kifundo cha mkono.

"Usizime, shemeji," akasema.

Saumu akashuka upande wa pili, akazunguka nyuma, nikamwona kwenye kioo anafungua kamba za magodoro. Sikuizima.